Michubuko ya kokoto kwenye boneti: nizibe mwenyewe au nikubali ipigwe rangi upya?

Mkazi wa Uyole

Ndugu zangu, habari za leo. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na rangi za magari, hasa mlioko huku nyanda za juu kusini, ambako hali ya hewa hailingani na ile ya Dar es Salaam.

Nina Toyota ya rangi ya fedha iliyoingia nchini kutoka Japani ikiwa imetumika, na kazi yangu hunilazimu kwenda Makambako, Njombe na Iringa mara kwa mara. Tangu upanuzi wa barabara kati ya Nsalaga na Ifisi uanze, hata safari za ndani ya jiji la Mbeya zimekuwa za kupita kwenye michepuko ya changarawe nyuma ya malori yanayoelekea Tunduma, na matokeo yake yanaonekana: ukingo wa mbele wa boneti umejaa michubuko, mingi ikiwa na ukubwa wa punje ya ulezi na michache ikikaribia punje ya mahindi. Ipo mingine kwenye ukingo wa paa, juu tu ya kioo cha mbele, na mmoja kati ya hiyo umeanza kuwa wa kahawia.

Fundi niliyemwonyesha amesema dawa ni kukwangua boneti yote na kuipiga rangi upya. Sina sababu ya kutilia shaka ujuzi wake, lakini rangi iliyopo ni ya kiwandani na sehemu kubwa bado ni nzima, kwa hiyo nasita kuiondoa yote kwa ajili ya alama ndogo. Ningependa kujua kama mtu asiye fundi anaweza kuziba michubuko hii nyumbani kwa namna itakayozuia kutu kwa miaka kadhaa, hata kama haitapotea kabisa machoni. Vilevile naomba kufahamu kama ni sahihi kufanya kazi hiyo sasa, mvua zikiwa zimeanza, au ni heri nisubiri kiangazi.

Fundi Rangi, Mwanjelwa

Ndugu Mkazi wa Uyole, swali lako ni la msingi na nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu magari mengi ninayoletewa yakiwa yameoza kwenye ukingo wa paa yalianza na mchubuko ambao mwenye gari angeweza kuuziba akiwa nyumbani kwake.

Usiharakishe kukubali boneti ikwanguliwe. Rangi ya kiwandani si kitu kimoja, bali ni tabaka zilizopandana: chini kabisa kuna tabaka la kuzuia kutu, juu yake praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na mwisho klia, yaani ule mfuniko usio na rangi unaoleta mng'ao na kukinga jua. Zote kwa pamoja mara nyingi hazizidi mikroni 140, ambazo ni kama sehemu moja ya saba ya milimita. Lile tabaka la chini huwekwa kwa kuzamisha bodi nzima ya gari kwenye beseni kubwa na kupitisha umeme, hata rangi ikaingia kwenye mikunjo na pembe ambazo bunduki ya kupulizia haifiki, halafu bodi huokwa kwenye oveni kwa joto linalozidi nyuzi 150. Sisi wa gereji za mtaani tunaweza kupiga rangi nzuri sana, lakini tabaka hilo likishakwanguliwa hatuna uwezo wa kulirudisha. Ndiyo maana mimi, ambaye ningelipwa zaidi kwa kupiga boneti nzima, nakushauri uihifadhi rangi hiyo kadiri inavyowezekana.

Kabla ya kununua chochote, osha gari kwa maji na sabuni, likaushe, kisha ulichunguze jua likiwa la ubavuni, maana jua la utosini huficha michubuko. Pitisha ukucha juu ya kila mmoja na uangalie kilichoko chini yake. Ukiona bado kuna rangi ileile ya fedha, ila imepoteza mng'ao, basi ni klia pekee iliyoguswa na hakuna haraka. Ukiona kijivu kilichofifia, umefika kwenye praima. Hapo chuma bado kimefunikwa, lakini praima hupitisha unyevu, kwa hiyo usiiache wazi kwa miezi. Ukiona chuma kinachong'aa, kishughulikie wiki hiyohiyo. Ukiona kahawia, kuna kutu ya kuondolewa kwanza kabla ya kufikiria rangi. Na ikiwa rangi iliyouzunguka mchubuko imevimba malengelenge, elewa kwamba kutu imeshatembea chini yake mbali kuliko macho yanavyoonyesha. Michubuko ya bampa haina hatari hiyo, kwa kuwa bampa za magari yetu mengi ni za plastiki. Sumaku itakuonyesha palipo na chuma na pasipo nacho.

Sasa kazi yenyewe. Kwa ncha ya sindano nene au kisu kidogo, ondoa kingo zote za rangi zilizolegea mpaka ufike pale ambapo rangi imeshika imara. Watu wengi huogopa hatua hii kwa sababu huufanya mchubuko uwe mkubwa zaidi, lakini rangi mpya ikiwekwa juu ya ukingo uliolegea itabanduka pamoja na ukingo huo. Kisha kata kipande kidogo cha msasa, ukigundishe kwenye kifutio kilicho mwishoni mwa penseli, na usugue ndani ya mchubuko tu kwa kuzungusha taratibu. Palipo na kutu tumia msasa namba 400 ukiwa mkavu mpaka chuma kiwe cheupe. Kingo zilainishe kwa namba 1000. Vaa miwani, kwa kuwa chembe hizo huruka.

Baada ya hapo futa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, na usipaguse tena kwa kidole, kwani jasho lina chumvi na mafuta. Kama gari lilikuwa limepakwa polishi yenye silikoni, futa mara mbili na kwa eneo pana zaidi. Silikoni ikibaki, rangi itakimbia na kuacha vishimo katikati, hata uongeze mara ngapi.

Sehemu inayozuia kutu ni praima, na hapa ndipo wengi wanaojifanyia wenyewe wanaporuka. Wananunua kalamu ya rangi, wanaziba chuma kitupu kwa rangi, wanafurahi kwa msimu mmoja, kisha kahawia inachomoza palepale. Rangi ya gari haikutengenezwa ili ishikane na chuma kitupu. Nunua praima ya kuzuia kutu, ya epoksi au yenye fosfeti ya zinki, na uweke tone dogo kwa njiti ya meno ili lifunike chuma chote na kupanda kidogo sana juu ya ukingo wa rangi ya zamani. Liwe jembamba, libaki chini ya usawa wa rangi iliyozunguka, ili rangi na klia zipate nafasi.

Kuhusu rangi, tafuta kibao cha chuma au karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya sehemu ya injini. Kwa Toyota kodi ya rangi, yaani namba inayotambulisha rangi, iko mbele ya maandishi C/TR. Peleka kodi hiyo kwenye duka linalochanganya rangi, kwa kuwa kusema tu kwamba gari ni la rangi ya fedha hakutoshi. Rangi ya fedha ina chembe za alumini ambazo huzama chini ya chupa, hivyo itikise kwa dakika kadhaa na uendelee kuitikisa katikati ya kazi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ngumu, ukiache kikauke, ndipo ukilinganishe na boneti. Uwe tayari kuona kwamba rangi yenye chembe, ikiwekwa kwa brashi, huonekana nyeusi kidogo kuliko ile iliyopulizwa, kwa sababu chembe zake hulala kwa namna tofauti.

Weka rangi kwa tabaka nyembamba mbili au tatu, na kila moja ipate angalau nusu saa ikiwa hewa ina joto la nyuzi 20 hivi. Tabaka nene hukauka juu na kubaki bichi chini. Klia nayo iwekwe hivyohivyo mpaka ipande juu ya usawa kidogo sana, kwa sababu itasinyaa kadiri thina inavyotoka. Chagua klia isiyohitaji kuchanganywa na kigumishi. Zile za kuchanganya ni imara zaidi, lakini kigumishi chake kina isosayanati ambazo hudhuru mapafu, na kitambaa cha kufunga puani hakizuii.

Ukitaka pawe laini kabisa, subiri wiki moja au zaidi, kisha usugue kile kilichopanda tu kwa msasa wa maji namba 2000, umalizie na 3000, halafu kompaundi, yaani dawa ya kung'arishia rangi. Kumbuka kwamba klia ya kiwandani ina mikroni 40 hadi 50 tu; ukiisugua kwa bidii kupita kiasi utatoboa mahali palipokuwa pazima. Binafsi, kwa mtu asiyezoea, namshauri aache kijiuvimbe kidogo kilichofungwa vizuri kuliko usawa mzuri uliopatikana kwa kupunguza klia.

Dada wa Njombe

Nashukuru kwa maelezo ya Fundi, nami nimejifunza. Naomba kuongeza jambo la baridi, kwa sababu sisi tunaoishi Njombe na wenzetu wa Makete tunapata shida ambayo maandishi ya kwenye chupa za rangi hayaielezi.

Chupa nyingi zinaelekeza kufanya kazi penye joto lisilopungua nyuzi 10, na mtu akitazama kipimajoto saa tatu asubuhi mwezi wa Juni anaweza kuona 12 akadhani anaruhusiwa. Tatizo ni kwamba bati la gari lililolala nje lina baridi kuliko hewa, na hewa yenye umande ikiligusa, unyevu hutanda juu yake kwa utando mwembamba usioonekana kwa macho. Wapaka rangi za vyuma wana kanuni kwamba bati linapaswa kuwa na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kile kiwango ambacho umande huanza kutanda. Kwa sisi tusio na vipimo, njia rahisi ni kuliacha gari juani mpaka bati liwe vuguvugu kwenye kiganja, kisha kulisogeza kivulini ndipo uanze. Mimi huanza saa nne na nusu hivi asubuhi na kuhakikisha tabaka la mwisho limewekwa kabla ya saa nane mchana, ili lipate saa kadhaa za kukauka kabla ya ukungu wa jioni. Jua kali moja kwa moja nalo halifai, kwa sababu rangi hukauka ikiwa bado kwenye njiti.

Kuhusu kusubiri kiangazi, nina maoni yangu. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kuacha chuma wazi kwa miezi yote hiyo kwa sababu unataka hali nzuri ya kupaka rangi ni kuipa kutu muda mrefu wa kufanya kazi yake. Naona ni busara kuigawa kazi: mvua ikikatika kwa siku moja yenye jua, ondoa kutu, kausha kwa kile kifaa cha kukaushia nywele, weka praima na ufunike kwa tabaka moja la klia. Rangi na usawa vingoje Juni au Septemba. Gari litakuwa na madoa ya kijivu kwa muda, lakini chuma kitakuwa kimefungwa.

Dereva wa Makambako

Mimi ni dereva wa siku nyingi katika barabara hii, na nimekuwa nikitumia rangi ya kucha isiyo na rangi, ile ya akina dada, kuziba michubuko papo hapo njiani. Ni rahisi kupatikana, inakauka upesi, na sijaona ubaya wake. Kwa nini mtu ahangaike na chupa nne?

Jambo lingine ni la kujikinga. Kokoto likikupiga ukiwa kwenye kasi ya kilomita 100 kwa saa lina nguvu mara nne ya lile la kilomita 50, wala si mara mbili. Kwenye michepuko ya changarawe punguza mwendo na uache nafasi kubwa kati yako na lori, hasa lile lenye matairi ya nyuma mawilimawili, kwa sababu mawe hunasa katikati ya matairi na kurushwa baadaye likifika kwenye lami. Hakikisha pia vizuia tope vya gari lako vipo vyote vinne. Michubuko ya chini ya milango husababishwa na matairi yako mwenyewe.

Fundi Rangi, Mwanjelwa

Ndugu Dereva, ushauri wako kuhusu mwendo na vizuia tope ni wa kweli na watu wauzingatie. Kuhusu rangi ya kucha, naomba tutofautiane kwa sehemu. Kama chuma kimekatwa leo, ni kisafi na kikavu, na huna kitu kingine mkononi, kuifunika kwa rangi ya kucha ni bora kuliko kuacha wazi. Lakini haina dawa ya kuzuia kutu, huwa ngumu na kupasuka kadiri bati linavyopanuka juani na kusinyaa usiku, na jua huigeuza kuwa ya njano. Ikishapasuka, maji huingia kwenye ufa na kukaa humo, na wewe hutaona chochote mpaka kahawia itoke. Ichukulie kama bandeji ya safarini. Ukifika nyumbani, iondoe kwa asetoni kwenye ncha ya pamba, bila kugusa rangi iliyo jirani, kisha ufanye kazi kamili.

Wapo pia wanaopaka grisi au mafuta ya mgando. Yanazuia maji, sikatai, ila yanashika vumbi na yanafanya usafishaji wa baadaye uwe mgumu, kwa hiyo siyapendekezi mahali ambapo unakusudia kupaka rangi.

Dada wa Njombe, hilo la kugawa kazi naliunga mkono, na nakiri ni bora kuliko kumwambia mtu asubiri. Nyongeza yangu ni kwamba atakaporudi kupaka rangi wakati wa kiangazi, alikwaruze kwanza lile tabaka la klia kwa msasa namba 1000 na kulifuta, ili rangi ipate mahali pa kushika.

Mwalimu wa Kemia, Iringa

Naomba niingie kwa upande wa kwa nini, maana nadhani mtu akielewa kinachotokea chini ya rangi atafanya maamuzi sahihi hata akiwa na vifaa vichache.

Chuma huhitaji maji na oksijeni kwa pamoja ili kishike kutu. Si lazima maji yanyeshe. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 hivi, utando mwembamba wa maji juu ya chuma unatosha kuanzisha kazi, na asubuhi zetu za Iringa na Mbeya, kwa ukungu na umande, huvuka kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Tukuyu, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, ndiyo kabisa. Hatuna chumvi ya bahari kama wenzetu wa Tanga na Zanzibar, na hilo hutupa nafuu, lakini chuma chetu hukaa na maji kwa saa nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo ikianza kwenye mchubuko, huinua rangi ya pembeni, unyevu hupenya chini ya rangi iliyoinuka, na chuma kipya huanza kuliwa. Tena, sehemu iliyo chini ya rangi, ambako oksijeni ni haba, ndiyo hugeuka kuwa sehemu inayoliwa, ilhali sehemu iliyo wazi hubaki salama kwa kiasi. Hii ndiyo sababu doa dogo juu linaweza kuwa limeficha eneo kubwa chini, na ndiyo sababu Fundi amesisitiza kukwangua mpaka rangi iliyoshika.

Sasa kuna hizi dawa za kugeuza kutu zinazouzwa madukani, ambazo hazijatajwa. Zipo za asidi ya fosforiki, ambayo hugeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma, na zipo za asidi ya taniki, ambazo huacha utando mweusi wenye rangi ya buluu. Zinafaa kwa ile kutu iliyobaki kwenye vitundu vidogo ambavyo msasa haufiki. Hazifai kama badala ya kusugua, kwa sababu dawa hupenya kutu nyembamba tu. Ile nene hugeuka juu na kubaki kutu chini. Wala haina maana kuimwaga kwenye chuma kilichokwisha kuwa cheupe. Weka kwa njiti, ifute isisambae kwenye rangi nzima, fuata maelezo ya chupa kama inahitaji kuoshwa au la, acha ikauke kabisa, kisha praima. Mikono iwe na glavu na macho yakingwe, hasa kama watoto wapo karibu.

Mkazi wa Uyole, gari lako limetoka Japani. Maeneo ya kaskazini ya nchi hiyo, kama Hokkaido, humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Sijui gari lako lilitumika wapi, lakini ukiwa kwenye kazi hii pitia pia chini ya milango na ndani ya matao ya magurudumu, kisha uzibue matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango kwa waya laini. Tope likiyaziba, maji hukaa ndani na mlango huoza kuanzia upande usiouona.

Mkazi wa Uyole

Nawashukuru sana nyote, Fundi, Dada, Dereva na Mwalimu. Leo jua limetoka tangu asubuhi, hivyo nimeanza.

Nimekuta kodi ya rangi ya gari ni 1F7. Michubuko mingi ya boneti imeishia kwenye praima na michache imefika kwenye chuma. Nimeisafisha na kuiwekea praima kama mlivyoelekeza, na rangi nitaiweka kiangazi. Wasiwasi wangu ni ule wa kahawia kwenye ukingo wa paa. Nilipokwangua kwa kisu, rangi iliendelea kuinuka kuelekea kwenye mpira wa kioo, na sasa eneo limefikia upana wa ukucha wa kidole gumba. Kutu inaonekana kuingia chini ya mpira. Je, niendelee kukwangua, au nimefika mahali pa kusimama? Chuma hakijatoboka, nimekibonyeza kwa ncha ya bisibisi na ni kigumu.

Fundi Rangi, Mwanjelwa

Umefanya vizuri kukibonyeza. Endelea kukwangua pande tatu zilizo wazi mpaka rangi igome kuinuka. Kwa upande wa mpira simama hapo, usiingize kisu wala bisibisi chini yake. Kioo cha mbele cha magari mengi ya sasa kimegundishwa kwa gundi maalumu ya poliuretani kwenye bati, na gundi hiyo ni sehemu ya uimara wa gari. Ukiikata utapata uvujaji, na ukibana ukingo wa kioo kwa chuma kitapasuka.

Inua mdomo wa mpira taratibu kwa kipande cha plastiki laini, kama kadi ya benki iliyokwisha muda, na uangalie kwa tochi. Kama kutu inaishia milimita chache ndani, kwenye sehemu ambayo mpira umefunika tu bila gundi, unaweza kuifikia: sugua kwa ukanda mwembamba wa msasa, weka dawa ya kugeuza kutu aliyoieleza Mwalimu, kausha, kisha praima mara mbili kwa brashi, ukiwa umeuzuia mpira usirudi kwa vijiti vya kiberiti mpaka ikauke. Kama kutu inaendelea hadi kwenye gundi, hiyo si kazi ya nyumbani tena. Kioo kinatakiwa kutolewa na mtu mwenye waya wa kukatia gundi, ukingo usafishwe wote, upigwe praima ya epoksi, na kioo kirudishwe kwa gundi mpya. Sehemu hiyo ni ndogo na haihusiani na boneti, kwa hiyo mtu asikuchanganyie kazi hizo mbili kuwa moja.

Wakati unasubiri nafasi ya kwenda kwa fundi wa vioo, usiache chuma hicho wazi. Weka praima kwenye sehemu yote unayoifikia, na usizibe mdomo wa mpira kwa silikoni ya mabomba, kwa sababu aina nyingi zake hutoa asidi ya siki zinapokauka, ambayo hula chuma, na mabaki yake yatamsumbua fundi atakayekuja kupaka rangi hapo.

Kwa 1F7 utaipata bila shida, ni rangi iliyo kwenye Toyota nyingi. Omba kiasi kidogo kabisa ambacho duka linakubali kuchanganya. Itakayobaki ihamishie kwenye chupa ndogo ya kioo ijae mpaka karibu na mdomo, ili hewa iwe kidogo ndani, andika kodi na tarehe kwenye chupa, na uihifadhi ndani ya nyumba mbali na moto na watoto. Weka humo gololi moja ndogo ya beringi iliyooshwa mafuta; itakusaidia kukoroga chembe zilizozama utakapoitikisa mwakani.